Kishikwambi au kifaa cha kusomea vitabu? Barua kutoka Nyanda za Juu Kusini

Tangu vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 viingie mikononi mwa walimu, maswali kuhusu vifaa hivi hayajakatika mezani kwetu. Safari hii tumechagua barua za Mbeya, Iringa, Njombe na Ruvuma. Karibu zote zinaanza na kifaa: kipi kizuri, GB ngapi, shilingi ngapi. Sisi tunaanza na mambo mawili mengine: utasoma faili ya aina gani, na utachajia wapi. Ukishayajibu hayo, vifaa vingi vinajiondoa vyenyewe kwenye orodha.

SWALI: Nafundisha Biolojia na Jiografia sekondari. Vitabu vyangu vya Taasisi ya Elimu Tanzania na mitihani ya miaka iliyopita vyote viko kwenye PDF. Mwenzangu anasisitiza ninunue Kindle kwa kuwa inakaa na chaji wiki kadhaa. Nimsikilize? (Mwalimu, Mafinga)

Mwalimu, kuhusu chaji mwenzako anasema kweli, ila kwa kazi yako Kindle ya kawaida, kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu, itakutesa. Tatizo ni ukubwa wa ukurasa. PDF ni ukurasa uliokwisha kupangwa: herufi, picha na majedwali vimegandishwa mahali pake, na kifaa hakiwezi kuvipanga upya vitoshee kioo. Ukurasa wa A4 una upana wa milimita 210. Kioo cha inchi 6 kina upana wa milimita 90 hivi. Ukurasa mzima unabanwa hadi chini ya nusu, na herufi ya pointi 12 inabaki na pointi 5, kama maandishi ya kile kikaratasi kinachokunjwa ndani ya boksi la dawa. Utaanza kukuza, halafu kuburuta kushoto na kulia kwa kila mstari, na kioo cha wino wa kielektroniki huchelewa kila unapokiburuta. Mchoro wa moyo wenye mishipa myekundu na ya bluu utauona wote kijivu. Ramani ya mvua yenye rangi saba ndiyo usiiguse kabisa.

Kinachokufaa ni kishikwambi cha inchi 10 hadi 11. Hapo napo usiishie kwenye inchi, tazama na umbo la kioo. Vishikwambi vingi vya Android vina kioo kirefu chembamba, uwiano wa 16 kwa 10. iPad ya kawaida, hadi kizazi cha 9, ina uwiano wa 4 kwa 3, unaokaribia umbo la A4. Ndiyo maana iPad ya inchi 10.2 inaonyesha ukurasa wa A4 kwa ukubwa ule ule unaoupata kwenye Android ya inchi 11, yaani asilimia 70 hivi ya ukurasa wenyewe. Herufi ya pointi 12 inakuwa na pointi 8 na ushei, na hiyo inasomeka.

Kisha pikseli. Kioo cha 1280 × 800 kimejaa kwenye vishikwambi vya bei ya chini vya inchi 10. Ukurasa wa A4 ukienea humo, kila inchi yake inapata pikseli 97 tu, na hapo ndipo tarakimu ndogo za C₆H₁₂O₆ zinapogeuka madoa. Tafuta 1920 × 1200. Samsung Galaxy Tab A8 ya inchi 10.5 na Tab A9+ ya inchi 11 zina kioo hicho. Lakini Tab A9 isiyo na alama ya kujumlisha ni kifaa kingine kabisa: inchi 8.7, pikseli 1340 × 800. Soma boksi mwenyewe, maana dukani huenda zote mbili zikatajwa kwa jina moja.

RAM, yaani kumbukumbu ya kazi, isipungue GB 4, kumbukumbu ya kuhifadhia faili GB 64, na pawe na nafasi ya memori kadi. Weka programu ya ReadEra, ni ya bure na haina matangazo, uwashe sehemu ya kukata pambizo. Pambizo za sentimita 2.5 kila upande zikiondoka, maandishi yanajaza kioo na herufi zinakua kwa karibu theluthi moja bila kununua kitu chochote.

Ukienda dukani, beba faili yako nzito kuliko zote kwenye memori kadi. Ifungue pale pale, nenda kwenye ukurasa wenye mchoro, kisha ruka kurasa 50 mbele. Ukihesabu hadi tatu na ukurasa haujatokea, kirudishe kwenye boksi.

SWALI: Hapa Mwanjelwa kuna kijana anauza kishikwambi kipya cha inchi 10, "RAM 16, ROM 512", laini mbili, kwa laki na nusu. Boksi limeandikwa hivyo, na nikifungua mipangilio naona namba hizo hizo. Kuna ubaya? (Mfanyabiashara, Mbeya)

Upo, tena mkubwa. Kinachoandikwa kwenye mipangilio si ushahidi. Programu ya kifaa hupikwa ionyeshe namba yoyote anayoitaka mtengenezaji, wakati ndani kuna chipu ya kuhifadhia faili (ndiyo hiyo "ROM") ya GB 16 au 32. Wiki za mwanzo hutaona tofauti. Picha na video zikishaijaza nafasi ya kweli, kifaa hakikwambii kimejaa. Kinaendelea kupokea, na faili mpya zinaandikwa juu ya zile za zamani. Jina la faili unaliona, ukiifungua hakuna kitu. Watu hudhani ni virusi, wanampelekea fundi, fundi anafuta kila kitu, na mchezo unaanza upya.

Kuhusu RAM, hata kampuni halali siku hizi huandika "4+4" au "4+12". Namba ya kwanza peke yake ndiyo RAM. Ya pili ni kipande cha kumbukumbu ya kawaida kinachoazimwa, na ni cha polepole mno. Ukikuta "16" bila maelezo, uliza ni ngapi kujumlisha ngapi.

Mwombe muuzaji saa moja. Akikataa, umeshapata jibu lako.

Anza kwa kupiga *#06#. Kifaa cha laini mbili kitaonyesha namba mbili za IMEI, yaani za utambulisho wa kifaa, kila moja tarakimu 15, na zinapaswa kufanana na zilizo kwenye boksi. Tuma kila moja kwa SMS kwenda 15090. Mfumo huo wa TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) hujibu kwa kutaja chapa na modeli. Jibu likitaja simu nyingine, au likisema namba haitambuliki, achana nacho. Tangu Juni 2016 vifaa vyenye IMEI bandia hufungiwa mtandao. (Kishikwambi cha Wi-Fi pekee hakina IMEI, kwa hiyo kisipoionyesha si kosa.)

Pili, fungua Play Store, gusa picha ya akaunti, ingia mipangilio, kisha sehemu ya kuhusu. Chini utaona kama kifaa kimethibitishwa na Google. Kisichothibitishwa usikiwekee programu ya benki wala ya pesa za simu, kwa sababu hujui kilipakiwa nini kabla hakijafika kwako.

Tatu, sakinisha CPU-Z. Itakuonyesha jina la prosesa na pikseli halisi za kioo. Kishikwambi kinachojisifu kwa prosesa ya "kisasa" mara nyingi hapa ndipo kinapoumbuka.

Jaribio la mwisho ndilo zito, na halidanganywi. Chukua video ya GB 4, inakili ndani ya kifaa mara kumi hadi ufike GB 40, halafu cheza nakala ya kwanza na ya mwisho mpaka mwisho wake. Kunakili huko kunaweza kula nusu saa na zaidi. Nakala ya kwanza ikigoma kucheza, GB 512 hazipo.

Kwa fedha uliyo nayo, kifaa kilichotumika cha chapa inayojulikana, kikakaguliwa hivi, kitakufaa zaidi ya hicho kipya. Na ukinunua popote, dai risiti ya EFD iliyoandikwa IMEI. Bila hiyo, waranti ni maneno tu.

SWALI: Nipo kijijini Makete, sina umeme wa gridi, nategemea paneli moja ndogo ya sola. Usiku napenda kusoma riwaya na Biblia. Kipi kitanifaa, na je, baridi ya Juni na Julai haitakiua? (Muuguzi, Makete)

Wewe ndiye hasa Kindle na mshindani wake Kobo zilitengenezwa kwa ajili yako.

Kioo cha wino wa kielektroniki kina vidonge vidogo visivyoonekana kwa macho, na ndani yake mna chembe nyeupe na nyeusi zenye chaji tofauti. Umeme unazisogeza mara moja tu, pale ukurasa unapogeuka. Zikishatulia hazidai umeme tena, ndiyo maana maandishi hubaki hata betri ikiisha. Kinachokula chaji ni taa ya kioo na Wi-Fi.

Ila elewa namna kampuni zinavyohesabu. Kindle ya 2022 ilitangazwa kukaa wiki 6, na maelezo yake yanasema hiyo ni kwa kusoma nusu saa kwa siku, Wi-Fi ikiwa imezimwa na taa ikiwa kiwango cha 13. Piga hesabu: ni saa 21 za kusoma. Ukisoma saa mbili kila usiku, utachaji baada ya siku kumi hivi. Bado ni nafuu kubwa kwa mtu wa sola. Kishikwambi cha inchi 10 chenye betri ya mAh 7,040 kinahitaji Wh (wati-saa) 27 kujaa. Betri ya kifaa cha kusomea huwa mAh 1,000 hadi 1,700, yaani Wh 4 hadi 6 na ushei, mlo wa taa ya LED ya wati 5 kwa saa moja tu au kidogo zaidi. Hata wiki ya mawingu haitakuangusha.

Tukija kwenye baridi, watengenezaji wengi wa vifaa hivi huruhusu matumizi kati ya nyuzi 0 na 35 za Selsiasi. Asubuhi za jalidi huko kwenu zinaugusa mpaka huo. Kifaa kikipoa sana, ukurasa hugeuka taratibu na kivuli cha ukurasa uliopita hubaki nyuma ya maandishi. Kikipata joto la kawaida kinarudi sawa. Kinachoharibu ni kuchaji betri ya lithiamu ikiwa chini ya nyuzi 0: madini ya lithiamu hugandia ndani ya seli, na uwezo unaopotea hivyo haurudi. Kwa hiyo usikiache kwenye chaji alfajiri dirishani. Chaji mchana. Adui mwingine ni unyevu. Ukikitoa kwenye baridi na kukiingiza jikoni penye moto na mvuke, maji hujikusanya juu yake na kwenye tundu la chaji. Kiache ndani ya kava lake nusu saa kabla ya kukichomeka, na usikikaushe karibu na jiko.

Kioo ndicho udhaifu mkubwa wa vifaa hivi. Chini ya uso unaougusa kuna kioo kingine chembamba sana, na hicho huvunjika kwa kukandamizwa hata pale juu pasipo na mkwaruzo. Dalili yake ni mistari au nusu ya ukurasa iliyoganda. Kukibadilisha kunakaribia bei ya kifaa kipya. Nunua kava gumu siku hiyo hiyo, na kwenye bodaboda kiweke katikati ya madaftari, kisikae mfuko wa nje wa begi.

Kindle ya kawaida ya 2022 haivumilii maji, na taa yake ni nyeupe tu. Paperwhite ya 2021 na Kobo Clara 2E zina kinga ya maji ya IPX8 na taa inayoweza kugeuzwa kuwa ya manjano, ambayo ni tulivu zaidi gizani. Ukiweza kuongeza fedha, ongeza kwa ajili ya hayo.

Kuhusu Biblia: kwa kusoma mfululizo, sura baada ya sura, ni raha. Kwa kufuata mhubiri anayeruka kutoka Isaya hadi Waebrania, simu yako itakuwa na kasi zaidi. Tafuta EPUB (faili ya kitabu ambayo maandishi yake hujipanga upya kutoshea kioo) yenye orodha ya vitabu hadi ngazi ya sura, vinginevyo utageuza kurasa mpaka ibada iishe.

SWALI: Kaka yangu aliyeko Uingereza amenipa Kindle aliyokuwa akiitumia. Nimeingiza vitabu vya EPUB kwa waya. Kwenye kompyuta faili naziona, kwenye Kindle hazionekani. Vitabu vyake bado vimo. (Msomaji, Songea)

Kindle yako haijaharibika. EPUB iliyoingizwa kwa waya Kindle haiioni kabisa. Kwa waya inasoma faili za aina ya AZW3, MOBI na PDF. EPUB hupita njia nyingine.

Kwanza maliza suala la akaunti. Kwa sasa kila utakachotuma kinaingia kwenye akaunti ya kaka yako, na kadi yake ya benki huenda imeunganishwa humo. Mwombe ruhusa, kisha ndani ya mipangilio ondoa usajili wake na usajili akaunti yako ya Amazon, ambayo kuifungua ni bure. Vitabu vyake vitatoka kwenye kifaa, ila kwenye akaunti yake vitabaki salama.

Kila Kindle ina anwani yake ya barua pepe inayoishia na @kindle.com, utaiona kwenye mipangilio. Ingia kwenye akaunti yako ya Amazon mtandaoni uandikishe barua pepe yako miongoni mwa zinazoruhusiwa kutuma. Hatua hii ndiyo inayosahaulika, halafu watu wanasema huduma haifanyi kazi. Baada ya hapo ambatisha EPUB kwenye barua pepe, isizidi MB 50, tuma, na uwashe Wi-Fi ya Kindle. Kwa faili kubwa zaidi kuna ukurasa wa Amazon wa kutuma vitabu, unaopokea hadi MB 200. EPUB iliyonunuliwa kwingine ikiwa na kufuli ya muuzaji haitafunguka.

Kindle isipoiona hotspoti ya simu yako, ingia kwenye mipangilio ya hotspoti uchague bendi ya GHz 2.4, kwa sababu Kindle za zamani hazijui bendi ya 5.

Ukiwa na kompyuta lakini bando la shida, sakinisha Calibre, programu ya bure, ubadilishe EPUB kuwa AZW3 na kuiingiza kwa waya. Waya uwe wa data. Nyaya nyingi za bei rahisi zina nyuzi za kupitisha umeme peke yake, kwa hiyo Kindle inachaji na kompyuta haiioni. Njia hii ni ya faili zako tu. Vitabu unavyonunua Amazon vitaingia kwa Wi-Fi, maana tarehe 26 Februari 2025 Amazon iliondoa uwezekano wa kuvipakua kwenye kompyuta na kuvihamisha kwa waya.

Kwa anayesoma barua hii kabla ya kununua, na ana rundo la EPUB: Kobo inazifungua moja kwa moja.

SWALI: Shikamooni. Nasoma Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Nimepata iPad iliyotumika, wanasema "ya Dubai". Nataka kuandikia kwa kalamu. Nikague nini? (Mwanafunzi, Mbeya)

Marahaba. Kagua umiliki kabla ya uzuri. Muuzaji aifute iPad yote mbele yako kupitia mipangilio, kisha uiwashe upya na kuiunganisha na Wi-Fi au hotspoti yako mpaka ifike ukurasa wa mwanzo. Usikubali kuruka hatua ya intaneti, kwa sababu ni hapo ndipo mambo mawili hujitokeza. La kwanza, ikidai akaunti ya Apple ya mtu mwingine, imefungwa na mwenyewe. La pili, ikileta ujumbe kwamba inasimamiwa na shule au kampuni, hiyo ni mali ya taasisi. Watakuambia kuna fundi wa kuipita. Huipita kweli, na siku ukiifuta au kuisasisha kufuli linarudi.

Kisha ingia sehemu ya kuhusu kifaa, utazame herufi ya kwanza ya namba ya modeli. M ni iliyouzwa ikiwa mpya, F ni iliyokarabatiwa, N ni iliyotolewa na Apple kufidia nyingine. F si mbaya, mradi bei isiwe ya M.

Umri wake una uzito mkubwa. iPad Air 2 ya 2014 bado inapendeza machoni, lakini ilikomea kwenye iPadOS 15, na programu mpya zinaikataa moja baada ya nyingine. Kizazi cha 9 cha 2021 kina tundu la Lightning na kinatumia Apple Pencil ya kizazi cha kwanza. Kizazi cha 10 cha 2022 kina USB-C na kinakubali hiyo ya kwanza kwa kiunganishi, au Pencil ya USB-C. Apple Pencil ya kizazi cha pili haifanyi kazi kwenye yoyote kati ya hizo mbili, hivyo usidanganyike ukiongezewa "bure".

Kugundua sehemu za kioo zilizokufa, shikilia alama ya programu yoyote kwa kidole na uiburute polepole kioo kizima, mstari kwa mstari, hadi pembe zote. Ikiponyoka mahali pale pale mara mbili, hapo kioo hakihisi. Mwisho ilaze kifudifudi mezani, uitazame kwa ubavu. Ikibembea, au kioo kikiwa kimenyanyuka kwenye fremu, betri imevimba.

SWALI: Watoto wangu wana miaka 7 na 10. Niwanunulie cha laini au cha Wi-Fi? (Mzazi, Kihesa, Iringa)

Cha Wi-Fi. Ni nafuu, na intaneti inafika pale unapowasha hotspoti ya simu yako, yaani ukiwa nyumbani. Laini ungelazimika kuisajili kwa jina lako na kuwakabidhi watoto.

Inchi 8 na ushei zinawatosha. Tab A9 ina gramu 332; A9+ inafikia 480, na mtoto wa miaka 7 ataidondosha. Kava liwe nene la mpira lenye pembe zilizovimba, kwa sababu vioo vingi hupasukia pembeni. Mfungulie kila mtoto akaunti kupitia Google Family Link, upange saa za matumizi na saa ya kifaa kujifunga usiku.

Bando huliwa na video. YouTube ya 480p hula karibu nusu GB kwa saa, na bila kuizuia inaweza kupanda yenyewe kwenye ubora mkubwa zaidi. Ishushe hadi 480p, zima video zinazojianzisha, na usasishaji wa programu uuruhusu kwa mkono tu.

SWALI: Nina miaka 71, nasoma magazeti ya PDF kwa miwani. Vijana wananiambia Kindle ni salama kwa macho. (Mstaafu, Njombe)

Shikamoo mzee. Kwa vitabu vya EPUB wamesema vema, kwa sababu utakuza herufi utakavyo na maandishi yajipange upya. Gazeti la PDF haliwezi hivyo, na ukurasa wake ni mkubwa kuliko A4. Chukua kishikwambi cha inchi 11, ukilaze kwa upana, usome safu moja moja, na mwanga wa kioo uulinganishe na wa chumba.

SWALI: Kishikwambi changu cha inchi 10 kilikuwa kinajaa kwa saa tatu, sasa kinalala kwenye chaji usiku kucha. Waya nao unalegea mpaka niushikilie. (Mkulima wa chai, Tukuyu)

Anza na tundu la chaji. Nyuzi za nguo na vumbi hushindiliwa chini humo kila unapochomeka, mpaka waya hauingii wote. Zima kifaa, mulika kwa tochi, chokoa taratibu kwa kijiti cha meno cha mbao. Usitumie sindano, itapindisha ulimi mwembamba ulio katikati. Waya ukiingia na kutoa sauti ndogo ya kubana, umepona.

Kama tatizo si hilo, jaribu waya mwingine, kisha soma maandishi madogo ya chaja. Betri ya Wh 27 ikilishwa na chaja ya simu ndogo ya 5V 1A, yaani wati 5, inachukua zaidi ya saa tano kwa hesabu ya karatasi, na kwa upotevu wa njiani ni saa saba au nane. Ukikitumia wakati huo huo, ndiyo usiku kucha. Chaja ya wati 15 yenye chapa inayojulikana itarudisha zile saa tatu.

Ikiwa bado kunalegea, tundu limechakaa. Kwenye vishikwambi vingi tundu liko kwenye kibao kidogo cha pembeni kinachobadilishwa peke yake. Kwenye vingine limeunganishwa kwa risasi kwenye bodi kuu, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye mashine ya hewa ya moto. Muulize ni kipi kati ya hivyo kabla hajafungua, kwa sababu gharama hazifanani.

Na huko Rungwe msimu wa mvua, radi ikianza kunguruma chomoa chaja ukutani. Umeme ukikatika, chomoa pia, na usirudishe mpaka taa zimetulia dakika tano bila kupepesa. Umeme unaporudi ndipo volti huruka, na kinachoungua kwanza huwa ni chaja, au saketi ya kuchajia ndani ya kishikwambi chenyewe.